TAREHE MOJA, MTINDO MMOJA!

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi madaftari yetu yamehamia ndani ya tarakilishi. Humo mna vitabu vya maktaba, karo, alama za mitihani, na hata majina yetu pamoja na siku tulizozaliwa. Mali imepata daftari, sawa. Lakini je, tarehe zilizomo ndani ya daftari hilo zinasomeka? Hilo ndilo linaloniwasha, na leo sitanyamaza.

Maoni yangu nayatoa mapema ili asitokee mtu wa kuniuliza baadaye, "Sasa wewe ulitaka nini?" Nasema hivi: programu yoyote tunayoitumia katika tarakilishi zetu sharti ionyeshe tarehe kwa mtindo mmoja katika kurasa zake zote. Mtindo huo uchaguliwe mahali pamoja. Na mwenye kuuchagua awe mtumiaji, wala si fundi aliyeiunda programu hiyo akiwa mbali, asiyejua kama sisi huanza na siku au na mwezi.

Hebu tuanzie hapa. Nikikuandikia 5/6/2024, utasoma nini? Bila shaka utasema ni tarehe tano mwezi wa sita. Hivyo ndivyo ulimi wetu unavyosema na ndivyo tulivyofunzwa kuandika tangu shule ya msingi: siku, mwezi, mwaka. Sasa mpelekee Mmarekani karatasi hiyo hiyo. Atakuambia, tena bila wasiwasi wowote, kwamba hiyo ni tarehe sita mwezi wa tano. Yeye huanza na mwezi. Kila mmoja wenu yuko sahihi kwao, na kila mmoja amekosea kwa mwenzake. Ubaya ni kwamba hakuna anayejua kuwa hawajaelewana. Afadhali barua isiyosomeka kuliko barua inayosomeka vibaya!

Nimepiga hesabu. Siku zinazoweza kuchanganyika namna hii ni zile za kuanzia tarehe moja hadi tarehe kumi na mbili za kila mwezi. Hizo ni siku 144 kwa mwaka. Ukiondoa zile 12 ambazo siku na mwezi hulingana, kama vile 1/1 na 2/2, zinabaki siku 132. Jamani, hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya mwaka mzima! Mtu akikwambia jambo hili hutokea mara mojamoja tu, mpe kalenda ahesabu mwenyewe.

Tuzichukue sikukuu zetu za taifa tuone. Siku ya Madaraka tuliyoipata mwaka 1963 huandikwa 1/6/1963. Programu inayoanza na mwezi itaisoma kuwa 6 Januari 1963, na Madaraka yatakuwa yameletwa mapema kabla ya wakati wake. Sikukuu ya Jamhuri ina bahati, kwa kuwa 12/12 ni ile ile ukiisoma kutoka mbele au kutoka nyuma. Siku ya Mashujaa nayo, 20/10, itaikwamisha programu hiyo kwa sababu hakuna mwezi wa ishirini duniani. Na kuna tarehe ambazo si za kufanyiwa mzaha hata kidogo. Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi ulilipuliwa tarehe 7 Agosti 1998. Mkenya ataiandika 7/8/98. Mmarekani aliyefiwa siku iyo hiyo ataiandika 8/7/98. Msiba ni mmoja, siku ni moja, lakini makaburi mawili yangeweza kuandikwa tarehe mbili.

Huenda msomaji akauliza, "Kwani tarakilishi haijui leo ni siku gani?" Inajua, tena vizuri kutushinda. Hapa ndipo penye siri ambayo wengi hawajaambiwa. Programu ya majedwali kama Excel haihifadhi tarehe kama tunavyoiona. Huhifadhi nambari moja tu, yaani hesabu ya siku zilizopita. Tarehe 1 Januari 1900 ni nambari 1, na siku zinaendelea kuhesabiwa kutoka hapo. Siku tuliyopata uhuru, 12 Desemba 1963, ni nambari 23357. Ile siku ya huzuni ya 7 Agosti 1998 ni nambari 36014. Nambari hiyo ndiyo mtu mwenyewe; 7/8/98, au 07-08-1998, au 7 Agosti 1998, ni mavazi tu. Waweza kumvisha kanzu leo na suti kesho, naye akabaki yule yule.

Mavazi hayo huamuliwa na nani? Aghalabu huamuliwa na mpangilio wa eneo uliomo katika tarakilishi, yaani pale ilipoambiwa kwamba mwenyewe yuko nchi gani na anatumia lugha gani. Ikiwa tarakilishi ilitayarishwa kwa Kiingereza cha Marekani na hakuna aliyeibadilisha, itatanguliza mwezi hata kama imewekwa Kitui au Lodwar. Haina habari kwamba imehama. Mgeni huyo amefika kwetu lakini saa yake na kalenda yake bado ziko kwao.

Sasa sikilizeni mambo yanavyoharibika. Karani ameketi mbele ya tarakilishi ya namna hiyo, anaingiza siku za kuzaliwa za darasa zima. Mwanafunzi wa kwanza alizaliwa tarehe 8 Machi 2008. Karani anaandika 8/3/2008. Tarakilishi inapokea, inaamini ni tarehe 3 Agosti, inahifadhi nambari ya tarehe 3 Agosti, halafu inamwonyesha karani 8/3/2008 kama alivyoandika. Karani anatabasamu na kuendelea. Mwanafunzi wa pili alizaliwa tarehe 25 Juni. Karani anaandika 25/6/2008. Tarakilishi inatafuta mwezi wa ishirini na tano, inaukosa, kisha inayachukua maandishi hayo kama maneno ya kawaida. Haipigi kelele wala haimwamshi mtu. Safu inajaa, nusu yake ni tarehe za uongo na nusu nyingine si tarehe kabisa, na kila kitu kinapendeza machoni.

Ila kuna dalili moja ndogo. Nambari na tarehe hujipanga upande wa kulia wa seli, na maneno hujipanga upande wa kushoto. Ukiona safu ya tarehe ambayo baadhi zimeegemea kulia na nyingine kushoto, usiseme ni mapambo. Hiyo ni homa, mgonjwa anahitaji daktari!

Yamekwisha kutokea haya kwetu wanafunzi. Orodha ya darasa moja ilichapishwa, safari hii miezi ikiandikwa kwa majina, na wengine wetu tukajikuta tumezaliwa upya. Mwenzangu mmoja wa Machi alikuwa wa Agosti. Tulicheka sana, tukamwambia amepunguziwa umri bila kulipa chochote. Kicheko kilikatika alipojaza fomu ya basari. Tarehe iliyotoka katika orodha haikupatana na cheti chake cha kuzaliwa, na fomu ikarudishwa. Baba yake alilazimika kuacha kazi ya kibarua siku mbili, mara kuleta cheti, mara kufuata sahihi. Siku mbili za kibarua kwa sababu ya mkwaju mmoja uliosomwa kinyume! Kwa mtu mwenye nacho hilo ni jambo dogo. Kwa anayetegemea basari, tarehe ni karo, na karo ni darasa.

Kisa kingine kinahusu maktaba, nacho kinaonyesha ubaya wa programu moja yenye mitindo miwili. Mwezi wa Februari 2024, tarehe 26, msichana mmoja aliazima kitabu cha riwaya kwa siku kumi na nne. Kwenye skrini ya mkutubi siku ya kurudisha ilionekana 11/03/2024. Stakabadhi iliyotoka kwenye printa, kutoka programu iyo hiyo, ilisema 03/11/2024. Msichana akaona amepewa hadi Novemba, akakaa na kitabu kwa raha zake. Mwezi wa Aprili akaitwa alipe faini. Akatoa stakabadhi yake kwa ushupavu. Mkutubi naye akamjibu, "Binti yangu, tarehe tatu Novemba ni Jumapili. Nani angekwambia urudishe kitabu siku ambayo maktaba imefungwa?" Kila mmoja alikuwa na ushahidi, na ushahidi wote ulitoka tumbo moja. Faini ilifutwa baada ya mzozo mrefu, lakini swali halikufutwa: programu moja ina haki gani ya kusema na watu wawili kwa ndimi mbili?

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika programu kama ile, kila ukurasa una nahodha wake. Fundi aliyetengeneza skrini aliandika mtindo wake wa tarehe hapo. Aliyetengeneza ripoti akaandika wake. Aliyetengeneza stakabadhi akaazima mtindo aliouona mahali pengine. Njia iliyo bora inajulikana, nayo ni sawa na jiko la shule yetu. Hatuna jiko katika kila bweni. Tuna jiko moja, na kila sahani hupakuliwa hapo. Vivyo hivyo, programu iwe na mahali pamoja panapoivisha tarehe mavazi, na kila ukurasa, kila ripoti na kila stakabadhi iende kuchukua hapo. Siku mwenye programu akitaka kubadilisha, atabadilisha mara moja tu na kila mahali patafuata. Na jiko hilo nalo lisipike linavyotaka. Lisome kwanza mpangilio wa eneo uliomo katika tarakilishi, au limwulize mtumiaji.

Msidhani hii ni shida ya shule maskini au makarani wasiojua kazi. Wanasayansi wakubwa wameumizwa nayo. Baadhi ya jeni za binadamu zilipewa majina ya kifupi kama MARCH1 na SEPT1. Mtafiti akiyaandika katika Excel, programu ilidhani ni tarehe moja Machi na tarehe moja Septemba, ikayageuza papo hapo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba takriban moja kwa tano ya makala za utafiti zilizoambatishwa orodha za jeni za Excel zilikuwa na makosa ya aina hiyo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza mabadiliko: MARCH1 ikawa MARCHF1, na SEPT1 ikawa SEPTIN1. Yaani badala ya programu kumfuata binadamu, binadamu alibadilisha majina ya jeni zake ili kuikimbia programu! Ilipofika mwaka 2023 ndipo Microsoft ilipoongeza katika Excel swichi ya kuzima ugeuzaji huo. Je, si ajabu hiyo? Swichi moja ilihitajika, na mtumiaji aachiwe mwenyewe kuibonyeza.

Tufanye nini basi? Kulalamika peke yake hakupikii mtu ugali. Katika Windows, ingia kwenye mipangilio, utafute sehemu ya saa na lugha, kisha ufungue eneo. Humo mna Kiingereza cha Kenya na Kiswahili cha Kenya pia. Ukichagua kimojawapo, siku itatangulia mwezi, na programu zinazoheshimu mpangilio huo zitafuata zenyewe; nyingine ni lazima uzifunge na kuzifungua tena. Ukitaka kujishonea mtindo wako, jua kwamba herufi d husimamia siku, M kubwa husimamia mwezi, na y mwaka. Usiandike m ndogo, kwa sababu hiyo ni dakika. Ukiandika dd utapata 05 badala ya 5, na ukiandika MMMM utapata jina zima la mwezi. Ndani ya Excel, mitindo ya tarehe yenye kinyota ndiyo inayofuata mpangilio wa tarakilishi, na isiyo na kinyota hukaa vile vile hata ukibadilisha tarakilishi nzima. LibreOffice, ambayo haiuzwi na inazifaa sana shule, ina mahali pake pa kuchagua lugha na nchi.

Lakini angalieni hapa, maana wengi hujikwaa. Kubadilisha mpangilio hakuponyi tarehe iliyokwisha kuhifadhiwa vibaya. Kumbukeni mtu na mavazi yake. Yule mwenzangu wa Machi akiwa amehifadhiwa kama 3 Agosti, mpangilio mpya utamwonyesha 03/08/2008, uongo ule ule katika kanzu safi. Dawa ni kuketi na vyeti vya kuzaliwa na kuzipitia tarehe moja moja, hasa zile za siku 132 nilizotaja. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo, ila usipoziba ufa utajenga ukuta.

Najua wapo watakaonipinga. Wa kwanza atasema, "Wewe unakuza mambo, mtu mwenye akili ataelewa tu." Ndugu yangu, akili haisaidii pale ambapo maana zote mbili zinawezekana. Hata mwalimu wa hesabu hawezi kujua kama 4/7 ni Aprili au Julai bila kuambiwa. Wa pili atasema tuwafuate Wamarekani, kwani tarakilishi ni zao. Mwacha mila ni mtumwa. Sisi husema tarehe tano mwezi wa sita, na karatasi iandike kama tunavyosema. Isitoshe, tumezoea kuishi na hesabu mbili bila kugombana. Saa mbili asubuhi kwetu Mwingereza huiita saa nane, na hatujakubali kuitupa saa yetu. Tunachofanya ni kuhakikisha tunayezungumza naye anajua tunatumia saa ipi.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi, naye namvulia kofia. Atasema upo mtindo wa kimataifa, ISO 8601, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1988, unaoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2024-03-11. Kwa nini tusiutumie wote tukamaliza maneno? Nakubaliana naye nusu. Kwa majina ya faili mtindo huo hauna mshindani, kwa kuwa tarakilishi ikiyapanga kwa kufuata herufi na tarakimu, faili hujipanga zenyewe kutoka ya zamani hadi ya karibuni. Lakini kwa mzazi anayesoma barua ya shule, au bibi anayesoma kadi ya zahanati, tarehe bora ni ile isiyohitaji kufasiriwa: 11 Machi 2024. Jina la mwezi likiandikwa, hata Mmarekani hawezi kukosea. Kwa hivyo ndani ya faili tupange kwa mwaka, na mbele ya macho ya watu tuandike mwezi kwa jina. Na mwaka tuuandike kwa tarakimu nne. Ukiandika mbili, programu itabidi ibahatishe karne, na sote tunajua dunia ilitumia fedha kiasi gani kabla ya mwaka 2000 kwa sababu ya kubania tarakimu mbili.

Nina ombi kwa chama chetu na kwa uongozi wa shule. Mosi, tarakilishi zote za shule, kuanzia afisi ya karani hadi maktaba, ziwekwe mpangilio wa Kenya kwa siku moja, zote pamoja, isibaki hata moja ya kuziharibia nyingine. Pili, kila stakabadhi, orodha na barua iandikwe mwezi kwa jina. Tatu, shule isinunue programu yoyote kabla ya kumwuliza muuzaji swali hili: "Tukibadilisha mtindo wa tarehe mahali pamoja, je, utabadilika katika kurasa zote?" Akianza kujikuna kichwa, tumwambie arudi alikotoka. Nne, siku za kuzaliwa za wanafunzi wote zilinganishwe na vyeti kabla hazijatumwa popote, na kila mwanafunzi aonyeshwe yake atie sahihi.

Sisi wanafunzi nasi tusikae kama wageni katika jambo letu. Orodha ikibandikwa ubaoni, usitazame jina lako tu ukaondoka. Soma na tarehe. Ikiwa umezaliwa kati ya tarehe moja na tarehe kumi na mbili, isome mara mbili, kisha useme mapema, kabla fomu haijafungwa na baba hajaacha kibarua chake. Mwenye macho haambiwi tazama. Kalamu naiweka chini.